Kuendesha sentrifuji za sukari: soma masikwiti kwanza, maji yaje mwisho

Mwendeshaji mpya akiletwa kwenye zamu yangu, kitu cha kwanza anachotaka kufundishwa ni vitufe. Vitufe vinaweza kusubiri. Ninampa kijiko na kipande cha kioo, namwambia apande kwenye tangi la kugawia, linalolisha mashine, akaniletee masikwiti, ule uji wa punje na shira. Sukari imeshatengenezwa kule juu, kwenye sufuria za ombwe, ambamo mpishi huchemsha shira hadi punje zikue. Sisi wa chini, kwenye sentrifuji, yaani mashine za ngoma inayozunguka kwa kasi, tunatenganisha punje na shira iliyozizunguka, bila kuzivunja na bila kuziyeyusha. Aliyelielewa hilo anaweza kuendesha mashine ya kiwanda chochote. Asiyelielewa, kila akiona rangi kwenye sukari atafungua maji, na nusu ya kazi ya mpishi itarudi kuwa shira.

Haya ninayoandika ni yale ninayomwambia kijana anayeanza. Namba za mashine yako zitatofautiana kidogo na zangu, kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji kiwe karibu.

Kusoma masikwiti

Masikwiti ni mchanganyiko mzito wa punje za sukari na shira iliyobaki baada ya punje kukua. Hupikwa kwa hatua A, B na C, kila moja ikitumia shira iliyobaki kwenye iliyotangulia. Ya A, ambayo ndiyo hutoa sukari ya kuuza, huwa na briksi (asilimia ya uzito ambayo si maji) 92 hadi 94 hivi, na karibu nusu ya uzito wake ni punje zenye ukubwa wa milimita 0.6 hadi 1. Ya C, ya mwisho kabisa, hupikwa hadi briksi 96 na zaidi, punje zake ni za milimita 0.2 au 0.3, na shira yake inanata mno. Ndiyo maana A na C hazipiti kwenye mashine ya aina moja.

Tandaza tone moja kwenye kioo, uliinue kwenye mwanga. Angalia kama punje zinalingana ukubwa, kama zimeshikana mafungu, na kama kati yake kuna vumbi. Vumbi ni punje changa zilizozaliwa ovyo pale shira ndani ya sufuria ilipokazwa kupita kiasi. Hilo ndilo linalotutesa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu linajipenyeza kati ya punje kubwa na kuziba njia ambazo shira ingepitia. Mashine itazunguka, sekunde zitahesabika, na ukuta wa sukari unaojengeka ndani ya ngoma utabaki mweusi na wenye maji.

Punje zilizoshikana zina balaa lao. Katikati ya fungu kuna shira iliyonaswa, na maji ya kuoshea hayaifikii hata kidogo. Ukiongeza maji unayeyusha uso wa nje ilhali rangi iko ndani. Nimewaona waendeshaji wazuri kabisa wakihangaika na valvu ya maji zamu nzima kwa tatizo ambalo lingeonekana kwenye kioo kwa muda wa kunywa maji.

Kwa hiyo ukiona vumbi au mafungu, mpigie mpishi kabla hujagusa mpangilio wowote. Hayo yaliyoshuka hawezi kuyaokoa, ila anaweza kurekebisha yanayopikwa sasa. Wewe kwa upande wako punguza unene wa mjazo, yaani masikwiti yanayoingia ngomani kwa mara moja, na uongeze muda wa kuzungusha. Ukuta mwembamba unapitisha shira kirahisi.

Halafu shika kipimajoto. Masikwiti ya A yazungushwe yakiwa bado moto, nyuzi 60 na zaidi za Selsiasi. Yakipoa kwenye tangi kwa sababu mashine mbili ziko kwenye matengenezo, shira inakuwa nzito na kazi nzima inapungua kasi. Ya C ni kinyume: yamepoozwa makusudi kwa saa nyingi kwenye matangi yenye visukumio hadi nyuzi 40 au 45, ili sukari iliyobaki kwenye shira ihamie kwenye punje. Kabla ya kuyazungusha yanapashwa taratibu hadi nyuzi 50 au 55 ili shira ilegee. Ukipasha kupita hapo, punje zinaanza kuyeyuka na unarudisha ndani ya molasi, ile shira ya mwisho, sukari uliyoisubiri kwa saa zote hizo. Na tafadhali, usimwage maji kwenye tangi la kugawia ili masikwiti yashuke haraka. Yatashuka, lakini yameshaharibika.

Nguvu ya mzunguko

Kabla ya karne ya 19 sukari ilimwagwa kwenye vyungu vya udongo vyenye umbo la pia, tundu likiwa chini, ikaachwa wiki kadhaa shira idondoke yenyewe kwa uzito wake. Sentrifuji inafanya kazi hiyohiyo kwa dakika chache kwa sababu inaongeza uzito huo mara mamia.

Kuna hesabu fupi ambayo kila mwendeshaji aijue kichwani. Chukua kipenyo cha ngoma kwa mita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, zidisha tena kwa mizunguko hiyohiyo, kisha gawanya kwa 1800. Jibu linakuambia nguvu inayoisukuma shira ni mara ngapi ya uzito wake wa kawaida. Ngoma ya mita 1.2 ikizunguka mara 1200 kwa dakika inatoa 960. Ngoma hiyo ikiwa kwenye kasi ya kulisha, mizunguko 200, inatoa kama 27 tu. Kwenye mizunguko 50, kisu kinapokwangua sukari ukutani, inakuwa chini ya 2.

Mizunguko inazidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo kasi ikiongezeka maradufu nguvu inakuwa mara nne. Hapo utaelewa kwa nini mashine iliyopoteza hata sehemu ndogo ya kasi yake, labda kwa sababu ya mota au mpangilio uliobadilishwa, inatoa sukari yenye unyevu ingawa kila kitu kingine kiko sawa. Na utaelewa kitu kingine: kwenye mizunguko 1200 ukingo wa ngoma hiyo unakimbia mita 75 kwa sekunde, yaani kilomita 270 kwa saa, ukiwa umebeba mzigo wa kilo mia kadhaa.

Mzunguko mmoja wa mashine ya mkupuo

Sukari ya kuuza inapita kwenye mashine ya mkupuo, inayofanya kazi mjazo mmoja mmoja: ngoma yenye matundu, inayoning'inia kwenye mhimili, mota iko juu, na ndani yake kuna nyavu mbili. Wavu wa nyuma ni mpana, kazi yake ni kuacha nafasi ili shira ifike kwenye matundu ya ngoma. Wa mbele ndio unaozuia punje.

Ngoma inaanza na mizunguko 180 hadi 250, lango linafunguka, masikwiti yanaingia na kupanda ukutani. Kaa ukitazama hapa kuliko hatua nyingine zote, maana ukuta uliojengeka vibaya wakati wa kulisha haurekebishiki tena. Masikwiti yanayoachia shira haraka hukaa chini ya ngoma kabla hayajapanda, ukuta unakuwa mnene chini na mwembamba juu. Ongeza kidogo kasi ya kulisha au ulishe kwa haraka zaidi. Yakiwa mazito na ya kivivu, fungua lango nusu ili yaingie kwa utulivu, la sivyo yatarundikana upande mmoja na mashine itaanza kuyumba. Kuyumba kidogo wakati wa kulisha ni kawaida kwa kitu kinachoning'inia. Kuyumba kunakoongezeka si kawaida.

Lango likifungwa mashine inapanda kasi. Shira nyingi hutoka wakati huu wa kupanda, kabla kasi kamili haijafikiwa. Inafuata kuosha, kuzungusha kwa kasi kamili kwa nusu dakika hadi dakika hivi, kufunga breki, na kukwangua. Kisu kinashuka ngoma ikiwa kwenye mizunguko 50 hivi. Acha milimita 2 au 3 za sukari ukutani, usikitamanishe kisu kufika kwenye wavu. Tabaka hilo jembamba linaoshwa kwa maji kabla ya mzunguko unaofuata. Usipolisafisha linageuka ganda gumu, na masikwiti mapya yanakosa pa kupitishia shira. Kwa masikwiti mazuri ya A mzunguko mzima unachukua kama dakika 3.

Maji ya kuoshea

Hapa ndipo mwendeshaji mzuri anapojulikana.

Baada ya shira kutoka, kila punje bado imevaa utando mwembamba wa shira. Maji yanaingia ili kuusukuma utando huo nje. Kwa kawaida kiasi kinachohitajika ni asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa masikwiti. Ila maji hayachagui. Kilo moja ya maji ya nyuzi 80 ina uwezo wa kuyeyusha zaidi ya kilo 3 za sukari. Chukua mjazo wa kilo 1000: asilimia 2 ni kilo 20 za maji, na zinaweza kuondoka na kilo 50 au 60 za punje. Katika mjazo huo punje zote ni kama kilo 500. Sukari hiyo haijapotea, inarudi juu kupikwa upya, lakini inakula mvuke, inakula nafasi ya sufuria, na kila ikipikwa tena inaongeza rangi. Kwa hiyo sekunde moja ya maji isiyo ya lazima ni hasara inayojirudia kila baada ya dakika 3, mchana na usiku.

Maji yawe moto, nyuzi 80 na kuendelea, na yawe safi yasiyo na mafuta wala kutu. Kuna wanaopenda maji ya baridi kwa hoja kwamba yanayeyusha kidogo. Ni kweli yanayeyusha kidogo, lakini yanaugandisha ule utando wa shira, hivyo utahitaji mengi zaidi kuusukuma. Mimi nasimama upande wa maji ya moto na muda mfupi.

Wakati wa kuyafungua ni muhimu kama kiasi chake. Tazama uso wa ukuta kupitia dirisha. Mwanzoni unang'aa kwa shira. Ghafla mng'ao unapotea, uso unakuwa mkavu wa kufifia na punje zinaonekana. Hapo ndipo. Ukiwahi, maji yanachanganyika na shira ambayo ingetoka yenyewe bure. Ukichelewa, ukuta umeshabanana, maji yanatafuta njia chache za kupita na sehemu nyingine hayazigusi. Napenda kuyagawa mara mbili, fungu fupi la kwanza mng'ao unapopotea, la pili kasi inapokaribia ukomo, kuliko kuyamwaga yote kwa pamoja.

Sasa usome ukuta wenyewe. Mashine ikisimama kabla ya kukwangua, mulika kwa tochi. Mstari wa kahawia unaozunguka ukuta wote kwenye kimo kimoja maana yake nozeli moja imeziba: bomba limesimama, ngoma inazunguka, kwa hiyo kasoro ya bomba huchora duara. Doa lililokaa sehemu moja tu bila kuzunguka ni kasoro ya ngoma au wavu wake: wavu umeziba hapo, au mjazo ulirundikana. Kivuli cheusi chini kabisa ni ukuta mnene wa chini, rudi kwenye kasi ya kulisha. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu linalotibiwa kwa kuongeza sekunde za maji, ingawa mara nyingi ndicho kinachofanywa. Nozeli zilizoziba vua bomba, zizibue, kisha ufungue maji nje ya mashine uone kama feni za maji zinapishana bila kuacha pengo.

Shira ya mwanzo na ile ya maji ya kuoshea zisichanganywe ikiwa mashine yako ina kigawanyaji. Ya pili ni safi zaidi na inarudi kwenye sufuria za A. Usigeuze kigawanyaji pale pale maji yanapofunguliwa: shira nzito bado inateleza kwenye kuta za kasha kwa sekunde kadhaa. Angalia rangi kwenye bomba la kutokea, ikianza kuwa nyepesi ndipo ugeuze.

Mashine za mfululizo kwa B na C

Hizi zina ngoma ya umbo la pia iliyopanuka juu, mteremko wa nyuzi 30 hadi 34, na mizunguko inayofika 1800 hadi 2200. Masikwiti yanaingia katikati bila kukoma, yanapanda kwenye wavu, shira inapenya, punje zinarushwa juu na kugonga kasha. Kule kugonga kunazivunja, ndiyo sababu hatuzipitishii humo sukari ya kuuza. Sukari ya C hatujali ikivunjika, inachanganywa na shira au maji kuwa magma, uji mzito wa kuanzishia upishi mwingine, au inayeyushwa.

Chungulia kwenye kioo cha mashine ikiwa kazini. Utaona mstari ambapo weusi unageuka kuwa wepesi. Mstari huo uwe duara lililo sawa pande zote. Ukijinyoosha ulimi upande mmoja, masikwiti hayaingii katikati, rekebisha bomba la kulishia. Ukipanda hadi ukingoni, umelisha kupita uwezo au masikwiti ni baridi.

Wavu wake ni wa nikeli uliopakwa kromu, mwembamba sana, na mianya yake ni sehemu ndogo tu ya milimita, 0.06 hivi. Kromu ikilika, mianya inapanuka na punje ndogo zinapita moja kwa moja kwenye molasi. Macho hayatakuonyesha hilo mapema. Kipimo kitakuonyesha: maabara ichuje shira ya masikwiti yaleyale kwa kichujio cha shinikizo kabla hayajaingia kwenye mashine, ipime usafi wake (asilimia ya sukari katika vitu vilivyoyeyuka), kisha ipime molasi inayotoka. Tofauti ya pointi 1 au 2 inavumilika. Ikianza kupanda, simamisha, mulika wavu kwa taa kutoka nyuma, utafute mpasuko au sehemu iliyolika. Ukiukuta mzima, basi unatumia maji au mvuke mwingi mno. Pimeni kila mashine peke yake. Molasi ya pamoja inaficha mashine mbovu nyuma ya nzuri.

Usalama

Nimewahi kuingia kiwanda nikakuta swichi ya kifuniko imefungwa kwa waya ili mwendeshaji aweze kufungua ngoma ikiwa bado inazunguka, aokoe sekunde chache. Niliwaomba wasimamishe mashine ile palepale, na ningeomba tena leo. Ngoma iliyokatiwa umeme bila breki inaendelea kuzunguka kwa muda mrefu kimyakimya, na kwa macho, ngoma laini inayozunguka polepole inafanana na iliyosimama. Usiingize koleo, fimbo wala mkono. Swichi ya kifuniko na ya mtetemo haziguswi na mtu wa uzalishaji kwa sababu yoyote.

Mashine ikianza kutetemeka wakati wa kupanda kasi, iache ijizime au bonyeza kitufe cha dharura, na uwaondoe watu karibu. Usijaribu kuongeza masikwiti ili kusawazisha mzigo. Ikisimama kabisa, yeyusha mjazo kwa maji ya moto kwa mwendo wa chini kabisa, kifuniko kikiwa kimefungwa.

Anayeingia ndani kubadilisha wavu afunge umeme kwa kufuli lake mwenyewe na ufunguo akae nao mfukoni. Afunge pia lango la masikwiti, maji na mvuke, maana kuungua kwa maji ya nyuzi 90 ndani ya ngoma hakuna pa kukimbilia. Wavu wa mashine ya mkupuo ukiwekwa, ncha inayopishana ielekezwe ili kisu kiipite bila kuikamata. Geuza ngoma kwa mkono mzunguko mzima, upande uleule inaozunguka wakati wa kukwangua, kabla ya kuirudisha kazini.

Msimu ukiisha, vua nyavu zote na usafishe ngoma hadi chuma kionekane. Tafuta nyufa kuzunguka matundu na kwenye maungio yaliyochomelewa kwa kutumia rangi ya kupenya, na pima unene wa chuma mahali palipoliwa na kutu. Ngoma yenye ufa haichomelewi karakana kwetu hata kama ufa ni mfupi kama ukucha. Inatolewa, inaandikwa namba yake, na mtengenezaji ndiye anayeamua kama itarudi kwenye mhimili.